Magamba Yaliyochambuliwa Mara Mbili

Jumatatu moja mwaka huu nilifungua kabati la maabara katika shule ninayofundisha hapa Nyabusozi, nikakutana na harufu iliyonifanya nirudi nyuma. Mwalimu mwenzangu alijifunika pua kwa daftari akasema kuna panya amefia humo. Nikamwambia huyu si panya. Panya hunuka kwa hasira siku chache, kisha huchoka. Hii ilikuwa harufu nzito yenye chumvi, harufu inayokwenda kukaa kwenye ulimi. Mwanafunzi wangu alikuwa ametoka likizo kwa dada yake Mtwara, akaniletea zawadi ya konokono wa baharini bila kufikiri kwamba mwenye nyumba bado yumo ndani. Nilicheka peke yangu hadi mwenzangu akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Mara ya kwanza kuinusa harufu ile nilikuwa darasa la sita, kwetu Murusagamba karibu na mpaka wa Burundi, na iliingia kwetu ndani ya ndoo ya rangi.

Ndoo ilikuwa ya Mwalimu Mwanaidi. Alipangiwa shule yetu akitokea Mikindani, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye kutembea kama anayewahi futari. Barabara ya kwetu wakati wa mvua haina adabu, hivyo alifika amelowa matope hadi kiunoni, begi moja mgongoni na ile ndoo ameikumbatia. Watu walimpokea vizuri. Walimletea ndizi, maharage na kuni. Lakini walimtazama kwa jicho la pembeni, maana kwetu ilijulikana kwamba mtu wa pwani hasafiri bila majini yake, na wengine walikwisha kusema kwamba yamo ndooni. Kwa jinsi ndoo ilivyonuka, hata mimi niliona hoja yao ina mashiko.

Yeye alicheka tu. Alichemsha vitu vyake nyuma ya nyumba ya walimu, akavuta nyama iliyooza kwa waya uliopindwa ncha, akavianika juu ya bati. Jua likafanya kazi yake na harufu ikaisha. Yakabaki magamba, na sisi watoto tukabaki tumening'inia kwenye ua kama kuku waliosikia mtama.

Hapa sina budi kuwaeleza kosa letu, maana ni kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya hata akiwa usingizini. Konokono wa shambani tulimjua, tulimkuta kila asubuhi kwenye miche ya kabichi. Gamba la baharini tulilijua moja tu: simbi, zile ndogo nyeupe za mpfumu, yaani mpiga ramli. Mpfumu alizitikisa kwenye kikapu, akazirusha juu ya ngozi, akatazama zilivyolala, akakuambia nani anakuroga. Simbi hazikuota shambani kwetu wala hazikuuzwa mnadani pamoja na sufuria. Hakuna aliyewahi kuziona mahali pengine. Basi watu wakapiga hesabu nyepesi: chochote chenye gamba kilichotoka baharini ni cha mpfumu. Na kwa Wakristo kama sisi, ambao Jumapili tulikaa kanisani tangu asubuhi hadi matumbo yakaanza kuimba yenyewe, kitu cha mpfumu hakikuguswa.

Mwalimu Mwanaidi hakuyajua haya. Alianzisha klabu ya sayansi, jioni baada ya vipindi, akatumwagia magamba yake mezani. Alikuwa amechagua ya umbo moja tu, marefu, manene tumboni na membamba huku na huku, kama viazi vitamu. Sisi tuliona viazi vitupu. Yeye alitukamatisha kimoja kimoja, ncha juu, mdomo ukitutazama, akatufundisha kukisoma.

"Huku juu nchani ndiko alikozaliwa," alisema. "Konokono hahami nyumba. Anaongeza chumba."

Gamba moja alikuwa amelisugua kwenye jiwe mpaka ukuta wa upande mmoja ukaisha, na tukaona ndani. Sijasahau mshangao ule. Katikati ilisimama nguzo nyembamba nyeupe, na vyumba vikaizunguka vikipanda na kupungua hadi kimoja kisichotosha punje ya ulezi. Nyumba zetu zilikuwa za matofali ya udongo na hazikuwa na ukuta hata mmoja ulionyooka vile.

Kisha akatuonyesha kwamba viazi vile vilikuwa na koo zao. Baadhi vilikuwa na nguzo laini, na chini mdomo ulirefuka ukawa mfereji mwembamba ambamo konokono hupitisha mrija wake wa kuvuta maji na kunusa chakula. Hao tuliwaita ukoo wa Mrija. Wengine, ukichungulia mdomoni, ulikuta nguzo imejikunja mikunjo kama ngazi. Hao wakawa Ngazi. Na walikuwapo waliofanana na Mrija kwa kila kitu, ila kwenye mdomo wa nje, karibu na juu, palikuwa na mwanya uliokatwa vizuri kama pengo la mtoto anayeng'oka meno. Hao wakawa Pengo. Majina ya kitaalamu Mwalimu alisema tutayakuta mbele ya safari, na kweli niliyakuta, na ni marefu, lakini mpaka leo nikikuta gamba la namna hiyo moyo wangu hulitaja kwanza kwa jina la darasa la sita.

"Rangi ni nguo," Mwalimu alipenda kusema. "Msimtambue mtu kwa nguo."

Neno hilo lilinigusa kwa sababu nililisikia nyumbani kwa namna nyingine. Kila msimu, kabla ya kupanda, mama alinikalisha naye kwenye ungo kuchambua mbegu za maharage. Maharage yetu yalikuwa mchanganyiko, mekundu, ya njano, yenye madoa, na kosa la kuchanganya ya kutambaa na mafupi lilionekana baadaye shambani, majirani wote wakicheka. Mama alinipiga kofi jepesi mkononi kila nilipofuata rangi. "Tazama kitovu," alisema, yaani pale haragwe lilipoungana na ganda lake. Na mbegu za kubadilishana na jirani zilichambuliwa mara mbili: mwanamke mmoja ndani, mwingine nje, bila kuonana. Mafungu yakifanana, mbegu ni safi. Yasipofanana, zinarudi guniani na hakuna wa kununa.

Kwa hiyo nilipoletewa magamba macho yangu yalikuwa yamekwisha kufundwa. Na niwaambieni ukweli, sikuwa hodari wa kitu kingine chochote. Hesabu zilinikimbia. Mbio nilikuwa wa mwisho. Katika kwaya niliombwa kufungua mdomo tu bila kutoa sauti. Pia tulikuwa watu wa kuja, wazazi wangu walivuka kutoka Burundi kabla sijazaliwa, na mtoto wa watu wa kuja hujifunza mapema kukaa dawati la nyuma. Lakini mwalimu aliponirushia gamba nililidaka, nikalitazama mdomo, nikataja ukoo wake kabla Spesioza hajanyoosha kidole. Spesioza alikuwa wa kwanza darasani katika kila somo, mjukuu wa mwenyekiti wa kamati ya shule, na hakuzoea kutanguliwa. Hatukupendana hata kidogo.

Kikaja kilichokuja. Mwalimu aliniruhusu kwenda na gamba moja nyumbani nikalisome. Nilipoinama kupuliza moto likanitoka mfukoni, likabingirika hadi miguuni pa mama. Mama akaruka. Nilijiandaa kupigwa, lakini hakunipiga wala hakufoka. Alichukua vijiti viwili, akalibana, akalitupa mbali migombani, kisha akanisugua mikono kwa majivu mpaka ikawaka moto. Hasira yake niliijua, ilikuwa na sauti. Hii ilikuwa hofu, na sikuwahi kumwona mama akiogopa kitu, hata nyoka.

"Mwana wanje," alisema, na kwa Kirundi neno hilo, mwanangu, huwa tamu. Siku ile halikuwa tamu. "Hutarudi kwenye hicho chama."

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaitisha kikao cha wazazi.

Mvua ilinyesha, kikao kikahamia darasani kwetu, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika videvuni. Magamba yalikuwa mezani mbele. Benchi la mbele lilikuwa limevutwa nyuma kidogo, na nyuma zaidi. Mwenyekiti, Mzee Filibati, babu yake Spesioza, alikuwa mtu wa haki na mtu wa maneno marefu. Siku ile alifupisha.

"Mwalimu, hatukuchukii," alisema. "Watoto wanakupenda. Harafu unafundisha vizuri. Lakini vitu hivi viende kwenye shimo la choo, na klabu ifungwe."

Mwalimu Mwanaidi alisimama. "Shikamooni wazazi wangu," alisema, wakamwitikia. Akaeleza kwa upole kwamba hizi ni nyumba za wanyama, kwamba kwao watoto huzichezea mchangani, kwamba hii ni elimu. Mzee Filibati alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo tangu hapo nimekutana na wasomi wengi wasioliweza.

"Hata mpfumu anasema ana elimu. Naye anapanga magamba, anayatazama, anatuambia hili ni hivi na lile ni vile. Wewe umepanga, yeye amepanga. Sisi tusiojua tutatofautishaje?"

Nilimwona Mwalimu akitazama ndoo yake, na nikajua anahesabu safari ya kurudi. Kama magamba yangekwenda chooni, ningerudi kuwa yule mtoto wa dawati la nyuma ambaye hata kwenye kwaya hana sauti, na nisingepewa tena kitu kingine cha kuweza. Nilikuwa na miaka michache sana duniani lakini hilo nililijua kabisa.

Hapo mama akasimama. Moyo wangu ukasema basi, kwisha.

"Yachambuliwe kama mbegu," mama alisema. Hakunitazama. "Mtoto mmoja ndani, mmoja nje. Yakitoka sawasawa, ni elimu. Yasipotoka sawasawa, choo kiko pale."

Wanawake wote wakaitika kwa koo, mmm, maana jambo hilo walilijua mikononi mwao. Wanaume wakaitika kwa sababu wanawake wameitika. Tulichaguliwa mimi na Spesioza. Mwalimu aliambiwa akae pembeni atazame ukuta, naye akageuka kwa utii kama mtoto aliyechelewa namba. Na ili mafungu yasije kusahaulika, Mzee Filibati akaamua kwamba kila mzazi apewe gamba moja la kulifuata kwa macho, akariri lina doa gani au limebanduka wapi, na aone linakwenda fungu gani. Hakuna aliyeligusa lake. Walionyeshwa kwa kijiti. Mama akaangukiwa na gamba baya kuliko yote, lililopauka kwa jua, mdomo umevunjika wote na mfereji umekatika.

Spesioza alitangulia. Mimi nilitolewa barazani, mama mmoja amenishika bega nisigeuke, mvua ikinirushia miguuni. Sikusikia chochote ndani. Walipomaliza, Mzee Filibati akayachanganya magamba guniani, mikono ameiingiza kwenye mikono ya koti lake, nikaitwa.

Sikuwahi kuona watu wazima wakijizuia namna ile. Kila nililoliinua lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameuma midomo. Niliinua la kwanza, nikachungulia mdomo: nguzo laini, mfereji mrefu, mdomo wa nje mzima. Mrija. Upande wa dirishani mtu akashusha pumzi. La pili lilikuwa na ngazi, waziwazi. Mzee mmoja akajipiga goti. La tatu likawa na pengo, la nne likawa dogo sana nikalipapasa nguzo kwa ukucha. Mafungu yakakua. Mahali fulani katikati nilianza kusikia kwamba wako nami. Wazazi waliokuja kuyatupa magamba chooni walikuwa sasa wanayashangilia kimoyomoyo, kila mmoja na lake, kama vile yanashindana mbio.

Likabaki la mama.

Nguzo yake ilikuwa laini, kwa hiyo hakuwa Ngazi. Lakini Mrija na Pengo hutofautiana mdomoni, na huyu hakuwa na mdomo. Spesioza alikuwa ameliweka wapi? Nilitazama uso wa mama nikakuta ameufunga. Nilitazama mgongo wa Mwalimu nikaona kanga tupu. Rangi haikuwepo, na hata ingekuwepo ni nguo.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo Mwalimu alilisema mara moja, kwa kupita. Konokono akikua, mdomo wake wa jana haupotei. Huachwa nyuma kama mstari, na mstari huo unakuwa sehemu ya mgongo. Mwenye mdomo mzima huacha mistari iliyonyooka. Mwenye pengo huacha mistari iliyopinda pale pengo lilipokuwa, kila mwaka wa maisha yake. Nililigeuza gamba, nikalilaza kwenye mwanga wa dirisha. Jua lilikuwa limeifuta mistari. Nikafumba macho nikapitisha ukucha polepole, kutoka kwenye mshono, pale mizunguko inapokutana, kushuka. Ukucha ukapinda. Nikarudia mzunguko wa juu yake, ukapinda pale pale.

Nikaliweka kwa Pengo.

Watu wote waligeuka kumtazama mama, maana gamba lilikuwa lake. Akasema, si kwa sauti kubwa:

"Ndipo lilipokwenda."

Vigelegele vilivyopigwa mle ndani viliishinda mvua juu ya bati. Wanawake walielewa kabla ya wanaume, wakasimama kwenye madawati, moja likavunjika. Watu wakaanza kuulizana, lako je, lako je, na kila mmoja akajibu kwamba lake limerudi lilikokuwa. Spesioza alinitazama kutoka ng'ambo ya meza, na kwa mara ya kwanza akanichekea kwa wema. Yeye naye alikuwa ameupapasa mgongo ule. Tangu siku ile tukawa chanda na pete, na watoto wake leo wananiita mama mkubwa.

Mzee Filibati alisubiri kelele zipungue. "Sijawahi kuona wapfumu wawili wakipatana," alisema. "Klabu iendelee." Akaongeza kwamba ndoo ifunikwe vizuri kwa sababu ya harufu, kisha akamwomba Mwalimu ageuke amwonyeshe gamba lake yeye lina nini mdomoni. Mwalimu alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, akamwonyesha ngazi, na mzee akachungulia muda mrefu akiwa ameshika miwani kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa na furaha ya kupasuka. Watu walinishika kichwa, mimi wa dawati la nyuma. Katikati ya shangwe nilimwona mama akipita kati ya watu hadi mezani. Akalichukua lile gamba lililovunjika, kwa mkono mtupu, akaligeuza, akasimama nalo akilipapasa. Nilidhani ananipongeza. Nikajivuna njia nzima ya kurudi nyumbani, na yeye akanyamaza njia nzima.

Hadithi ya siku ile nimeisimulia mara nyingi, na mara zote ilikuwa yangu: namna nilivyoyaokoa magamba, namna nilivyopata njia yangu, hadi chuo kikuu, hadi maabara hii. Kisha mama akaja kunitembelea hapa Nyabusozi, tukakaa uani tukichambua mbegu, na bila kuinua kichwa akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema.

Mama yake alikuwa mpfumu, huko ng'ambo walikotoka. Mama yangu, akiwa msichana mdogo, ndiye aliyekuwa akiokota simbi kila zilipotupwa na kuzirudisha kikapuni. Siku moja alikuja mwanamke aliyefiwa na mtoto, akataka kujua nani amemuua. Simbi zikatupwa, zikamtaja jirani. Huyo jirani akafukuzwa pamoja na wanawe kutoka kijiji chao cha kilimani, na nyumba yake ikachomwa.

"Zilikuwa zinatupwa, naziokota mimi," mama alisema. "Nilizijua. Zingetupwa tena zingemtaja mwingine. Hazikurudia hata mara moja, na sikuweza kusema."

Nikamuuliza kama siku ile ya kikao alisimama kututetea. Akatikisa kichwa. Alisimama akijua tutashindwa. Alitaka watu wote waone kwa macho yao, hadharani, jambo aliloliona yeye peke yake akiwa mtoto: kwamba ukiyatupa magamba mara mbili hayasemi neno lile lile. Alikuwa ameungoja mtihani huo tangu utoto wake, na alikuwa tayari kuniaibisha mimi ili ufanyike.

"Harafu mkapatana," alisema. Aliacha kuchambua. "Nikaenda pale mezani nijaribu na mimi. Nikaweka kidole, nikashuka taratibu, hakuna aliyenionyesha. Kikapinda."

Alinionyesha kidole chenyewe. Nimewafundisha wengi kuutafuta mpindo ule, na baadhi yao leo ni madaktari, lakini hakuna aliyeusafiria mbali kama yeye. Nililia pale pale juu ya ungo, kwa furaha, na mama akaniambia niangalie nisilowanishe mbegu.